Lori Moja, Ukaguzi Mmoja: Kutoka Tunduma hadi kwenye Kompyuta

Kabla ya 2019, lori la mizigo lililovuka Tunduma kuingia Nakonde, Zambia, lilikaguliwa mara mbili: upande wa Tanzania, kisha ng'ambo. Oktoba mwaka huo kikazinduliwa kituo cha huduma za pamoja mpakani, maofisa wa nchi zote mbili wakafanya kazi chini ya paa moja.

Waunda programu nao wana mpaka wao, wenye kazi inayoweza kurudiwa bure. Msimbo wa lugha ya C hauendeshwi na kompyuta mpaka ugeuzwe kuwa lugha ya mashine, faili baada ya faili, kisha mazao yake yaunganishwe. Maelekezo ya kazi hiyo yakirundikana, watu huogopa hata kuyagusa.

Mwaka 1976 Stuart Feldman wa Bell Labs, Marekani, aliunda Make, programu ya kusimamia kazi hiyo. Kanuni yake ni mistari miwili:

hesabu.o: hesabu.c
	cc -c hesabu.c

Wa kwanza unasema zao linatokana na chanzo kipi. Wa pili unatoa amri. Make hulinganisha saa ambazo faili hizo mbili zilibadilishwa mwisho. Chanzo kikiwa kipya kuliko zao, hugeuzwa upya. La sivyo, hurukwa. Ukirekebisha faili moja kati ya mia, hiyo moja ndiyo hugeuzwa upya.

Kwa kijana wa mji wa Vwawa au Mlowo mwenye kompyuta ya kawaida, wepesi huo huokoa muda.