Usijikaze, Mama: Pumua Taratibu

Kunja ngumi kwa nguvu. Zuia pumzi. Hesabu mpaka tano. Sasa achia. Umesikia mkono ulivyochoka? Mama mwenye uchungu wa kuzaa akiwa na hofu, mwili wake wote hufanya hivyo. Misuli hukaza, nguvu huisha mapema, na maumivu huzidi.

Nasi tunamwambia nini? "Jikaze!" Hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Siku moja alifika zahanati msichana mwenye mimba ya kwanza. Mama mkwe wake akamwambia ajikaze, nami nikaitikia. Akajikaza kweli. Aliuma meno, akang'ang'ania kitanda, akazuia pumzi. Mkunga mzee akatusogeza pembeni. Akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, legeza mabega. Puliza kama unapoza uji." Wakapuliza pamoja. Uchungu haukuisha, lakini msichana aliacha kutetemeka, akaanza kutusikiliza. Alijifungua alfajiri.

Kupumua namna hii ni sehemu ya mazoezi yanayoitwa yoga. Yalianza India zamani sana. Huna haja ya kubadili dini wala kununua kitu. Mkeka unatosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linashauri kupumua na kulegeza mwili kwa mama mwenye afya njema anayetaka kupunguza maumivu ya uchungu. Linashauri pia awe na mtu anayemtaka karibu yake.

Usingoje uchungu uanze. Jifunze sasa. Keti mkekani, egemeza mgongo ukutani. Weka mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu moja mpaka nne. Kisha itoe kwa mdomo, polepole, ukihesabu mpaka sita. Legeza taya, mabega na vidole. Fanya mara kumi asubuhi, na mara kumi kabla ya kulala. Ukisikia kizunguzungu, acha, upumue kama kawaida.

Mimba ikiwa kubwa usifanye zoezi hili ukiwa umelala chali. Uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, nawe unaweza kuzirai. Lala kwa ubavu.

Uchungu huja na kuondoka. Ukija, toa pumzi taratibu. Ukiondoka, pumzika, usianze kuuogopa unaofuata. Mkunga akisema sukuma, mfuate yeye.

Baba, nawe una kazi. Keti naye jioni, mhesabu pamoja. Tena mpokee ndoo ya maji na mzigo wa kuni. Mtu aliyechoka mno hatulizwi na pumzi peke yake.

Zoezi hili linafaa pia wakati mtoto anaumwa, au mvua imekataa kunyesha na deni linakusumbua. Lakini huzuni ikifika wiki mbili, hulali, huli, njoo zahanati. Ukiwaza kujidhuru, usingoje hata siku moja. Huo ni ugonjwa, na una matibabu.

Na kuna mambo ambayo pumzi haiyawezi. Mjamzito akitokwa na damu, akiumwa kichwa sana, macho yakiona giza, uso ukivimba, akipata degedege, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, asikae mkekani kupumua. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku wa manane.