Sungura Mnono na Kizimba Kitupu

Mama mmoja wa Kibokoni alinijia baada ya sala ya Alasiri akaniomba nikawasomee sungura wake. Alikuwa na majike wawili weupe, wa ile mbegu iitwayo New Zealand, aliowafuga juu ya nyumba yao humu Mji wa Kale ili bei ya watoto wao imsaidie karo ya mabinti. Jike mkubwa alikwisha pandishwa mara nne bila kushika mimba, na majirani walishamtia mama huyo moyoni kwamba ni kijicho.

(Kwa wanaouliza: sungura ni halali katika madhehebu yetu ya Shafii. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwa Anas, r.a., kwamba Abu Talha alimchinja sungura akampelekea Mtume, s.a.w., sehemu ya nyama yake, naye akaipokea.)

Dua haina hasara, nikasoma. Lakini nilipompakata yule jike nilistaajabu. Tukaazima mizani ya muuza samaki: kilo 6 na robo! Jike mzima wa mbegu ile kwa desturi huwa baina ya kilo 4.5 na 5.4. Nikauliza anakula nini. Kumbe watoto wakirudi chuoni humpa mahamri yaliyobaki, mkate na ndizi mbivu.

"Twamtunza kama bi harusi, sheikh wangu," akasema nyanya yao kwa fahari.

Hapo ndipo penye tatizo. Yai la sungura halitoki kwa siku maalumu. Hutoka saa 10 hivi baada ya kupandwa. Mafuta yakijaa tumboni, jike huweza kumkataa dume, au akapandwa pasipatikane kitu. Na akishika mimba khofu haijesha: siku za mwisho huweza kuacha kula ghafla, akafa na watoto wake tumboni. Ongeza joto letu la Kaskazi. Sungura hatoki jasho, hujipoza zaidi kwa masikio, na unene kwake ni kama kuvishwa blanketi mwezi wa Februari.

Aliyekonda naye hana nafuu. Mimba huchukua siku 31 hivi, kisha hunyonyesha kwa dakika chache tu, aghalabu mara moja kwa siku, maziwa mazito mno. Asiye na akiba mwilini atayatoa wapi? Mtume, s.a.w., alimpitia ngamia ambaye mgongo wake ulikaribia kugusana na tumbo lake kwa njaa, akawaamrisha watu wamche Mwenyezi Mungu katika wanyama hawa wasioweza kusema. Mimi naona aliyelishwa hadi akashindwa kuzaa naye amo katika amri hiyo.

Wasio na mizani na wapitishe kidole juu ya uti wa mgongo. Mifupa ikichoma kama meno ya msumeno, amekonda. Isipohisika kabisa, amenona. Ikihisika kwa mviringo chini ya nyama, huyo ni wa kupandishwa.

Tahadhari, akina mama: mnene hanyimwi chakula ghafla, kwani ini lake huweza kujaa mafuta akafa. Yule wa Kibokoni alipewa majani makavu kila wakati, maji safi, chakula cha vidonge kwa kipimo kidogo, na ruhusa ya kukimbia sakafuni alfajiri kabla ya jua kuwaka. Baada ya miezi mitatu alikuwa na kilo 5.2. Dume akakubaliwa siku ile ile. Siku ya 30 alianza kujing'oa manyoya ya kifuani kutandikia kisanduku, na usiku wake akazaa watoto saba.

Mama kwa furaha akataka kumpandisha na yule jike mdogo, mwenye kilo 2.5. Nikamsihi angoje mpaka afikie robo tatu ya uzito wa utu uzima au zaidi kidogo, yaani kilo 3.5 hivi. Mabinti sasa humpima kila Alhamisi na kuandika ukutani kwa chaki. Juma lililopita waliandika 2.9.