Fahamu: Nani hupima ahadi ya intaneti?

Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi jirani. Kwa mwenye hoteli wa Malindi au Kilifi anayepokea maombi ya vyumba mtandaoni, mtandao ukilala, biashara imelala. Nani amlipe?

Jibu limo kwenye mkataba wa kiwango cha huduma kati ya mteja na kampuni ya intaneti. Tuseme kampuni imeahidi huduma kupatikana asilimia 99.9 ya muda. Kwa mwezi wa siku 30, inaruhusiwa kuzimika dakika 43 tu. Ikiahidi asilimia 99, ruhusa inafika saa 7 na dakika 12.

Kukagua ni kulinganisha ahadi na kilichotokea, na hapo ndipo penye mvutano. Ripoti nyingi hutoka kwa mtoa huduma mwenyewe, na mara nyingi saa huanza kuhesabiwa mteja anapolalamika, si pale huduma ilipokatika. Matengenezo yaliyotangazwa huondolewa kwenye hesabu, na mikataba mingi huondoa pia majanga yaliyo nje ya uwezo wa kampuni. Tena seva inaweza kuonekana iko hewani huku ukurasa wa malipo ukigoma kufunguka. Kipimo cha haki ni cha mtu wa tatu, anayeijaribu huduma kila dakika kutoka mahali alipo mteja.

Fidia nayo haiji yenyewe. Kwa kawaida hudaiwa kwa maandishi, ndani ya muda uliowekwa. Soma kifungu cha fidia kabla ya kutia sahihi, na uandike saa kila mtandao unapokatika.