Amewafundisha kwa Njia Gani? Utangulizi kwa Mwalimu wa Sayansi

Nilipokuwa mwalimu mgeni wa darasa la tano katika shule moja ya kanisa, somo la ibada ya asubuhi lilitoka Mithali sura ya 6, pale mvivu anapotumwa kwenda kujifunza kwa chungu. Kipindi cha sayansi kilipoanza, mtoto mmoja aliniuliza mvivu angejifunza nini kwenye chungu cha kupikia. Wenzake hawakucheka, maana nao walielewa vivyo hivyo. Hakuna aliyejua kwamba chungu wa Biblia ndiye sisimizi anayeingia kwenye kopo la sukari nyumbani kwao. Nikaacha andalio la somo mezani, tukatoka nje.

Tuliweka sukari kidogo juu ya karatasi chini ya mwembe. Haukupita muda mrefu, mstari ukajipanga, wengine wakienda, wengine wakirudi. Nikamwambia mtoto mmoja alowanishe kidole na kusugua ardhi, akate ule mstari katikati. Sisimizi wakasimama pale palipokatwa, wakazungukazunguka kama wasafiri waliokuta daraja limechukuliwa na maji. “Mwanzoni waliijuaje njia?” nikauliza. Binti mmoja akajibu kwa uhakika kabisa: “Mungu ndiye aliyewafundisha.” Darasa zima likaitikia amina. Nikasema vizuri sana, kengele ikalia, tukarudi ndani.

Kitabu hiki kimezaliwa na neno ambalo nilipaswa kulisema pale nikanyamaza. Leo ningemwambia: “Ndiyo, mwanangu. Amewafundisha kwa njia gani?” Jibu lake lilikuwa la kweli, nami ninaliamini. Lakini nililiacha lifunge mlango, ilhali lilikuwa mlango wenyewe wa kuingilia. Sisimizi anayepata chakula huacha harufu ya kemikali njiani anaporudi. Wenzake huifuata, na kila anayepita akiwa amebeba chakula huiongeza. Kidole chenye maji kilifuta harufu hiyo. Malkia yumo shimoni, ila kazi yake ni kutaga mayai wala hatoi amri kwa yeyote. Mwandishi wa Mithali naye aliona kwamba chungu hana mkubwa wa kumsimamia. Sidai kwamba alikuwa mtaalamu wa wadudu. Ninachosema ni kwamba aliinama akatazama, na kuinama na kutazama ndiyo kazi ninayokualika uifanye pamoja na watoto wako.

Watoto hawa, wa miaka 10 hadi 13, wako mahali pazuri kuliko pote. Wanaweza kupima, kuandika walichokiona na kubishana kwa hoja, na bado hawajazoea kunyamaza kwa kuogopa kukosea. Mtihani wa taifa unawasubiri, najua, na mzazi aliyelipa ada anataka alama. Hata hivyo mtoto aliyekariri sehemu za ua bila kulipasua hata moja ana maneno tu. Shule zetu nyingi hufundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno hayo nayo ni ya kuazima. Usiogope kusimama kidogo useme kwamba photosynthesis ni usanisinuru, ili mtoto asikie ndani yake nuru anayoijua tangu shule ya Jumapili. Baada ya hapo rudi kwenye lugha ya mtihani.

Tunayo hadithi yetu wenyewe ya kutazama. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Aliyemwongoza njia aliuita weupe ule baridi tu. Rebmann aliandika kwamba ni theluji, na huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga maeneo haya, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda hadi zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Darasa la sita wanaweza kulimaliza shauri hili kwa hesabu. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kilele kiko mita 5,895. Pwani ikiwa na nyuzi 30, waache wapige hesabu wenyewe. Watapata kama nyuzi 5 chini ya sifuri. Na wasimsahau yule mwongozaji: neno lake moja lilikuwa na ukweli kuliko maandishi mengi ya Cooley.

Kuna siku swali gumu litakuja. Mtoto amesikia habari za nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, zinazofanana na za binadamu, zilizofukuliwa mwaka 1978 na kukadiriwa kuwa na miaka milioni 3.6, naye anataka kujua Adamu yuko wapi hapo. Makanisa yetu hayajibu kwa sauti moja, na si haki yako kumsingizia mtoto imani ya kanisa lisilo lake. Ila usimfiche kilichopatikana. Mweleze kwamba nyayo zilibaki katika majivu ya volkano, na kwamba ndani ya majivu hayo mna potasiamu ambayo sehemu yake hugeuka polepole mno kuwa gesi ya argoni. Kwa kuipima gesi hiyo wanasayansi hukadiria umri. Kisha mweleze kanisa lake linafundisha nini, na umruhusu ampelekee mchungaji au padri swali lake likiwa zima. Agostino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliwaonya Wakristo wasiseme upuuzi kuhusu jua, nyota na wanyama kwa jina la Maandiko, kwa sababu msikilizaji anayeyajua mambo hayo hatawaamini watakapomhubiria ufufuo.

Sura ya kwanza inafanyika nje. Utahitaji sukari kijiko kimoja, karatasi, maji kidogo na mti wenye kivuli. Wape watoto dakika 20 za kutazama kabla hujasema lolote.