Acheni Kumpa Mtoto Maiki

Swali limeletwa tena, safari hii na mlezi wa kituo kimoja cha watoto wanaofadhiliwa: "Binti yuko kwetu tangu darasa la kwanza, kila kitu analipiwa, lakini wageni wakija tukamsimamisha atoe ushuhuda, anainama na kulia. Tumfanyeje ajiamini?"

Msimsimamishe. Hilo ndilo jibu, na nimelitoa mara nyingi mno. Lakini kila ninapolitoa naambiwa kuwa mtoto akizoeshwa kueleza mbele za watu alikotoka, woga utamtoka. Imani hiyo imeenea vituoni, shuleni na kwenye nyumba za ibada, na watu wanaoishika wanawapenda watoto kwa dhati. Hata hivyo si kweli, na inaumiza.

Tutazame ushuhuda wenyewe unavyoandaliwa. Siku kadhaa kabla, mwalimu huandika maneno na mtoto huyakariri: jina, umri, baba alifariki kwa ugonjwa gani, mama anauza nini, nyumbani walikuwa wakila mara ngapi kwa siku, kisha wafadhili wakaja na maisha yakabadilika. Siku ikifika anavalishwa sare mpya, anapewa maiki, simu za wageni zinainuliwa kumrekodi. Angalieni mikono yake: mmoja umeshika maiki, mwingine umevutwa ndani ya sweta mpaka vidole havionekani. Macho yako midomoni mwa mwalimu aliyekaa mstari wa mbele akimtamkia maneno bila sauti. Wanafunzi wenzake wanasikia yote, na Jumatatu watakuwa na jina jipya la kumwita. Mama yake amekaa nyuma na kanga yake ya kutokea, anasikiliza umma ukitangaziwa kwamba alishindwa kuwalisha wanawe.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba mtu hupata imani katika uwezo wake kwa njia nne. Kubwa kuliko zote ni kufanya jambo akafanikiwa. Nyingine ni kuona wenzake wa hali kama yake wakifanikiwa, kutiwa moyo na watu anaowaamini, na hali ya mwili wake wakati anapojaribu. Upimeni ushuhuda kwa hayo manne. Mtoto hajafanya lolote katika kisa kile. Aliyefanya ni mfadhili. Mfano anaoonyeshwa ni mgeni, ambaye maisha yake hayafanani na yake hata kidogo. Makofi yanatoka kwa watu wasiomjua, nayo yanapigiwa shida zake. Na mwili unatetemeka, moyo unakwenda mbio, koo limekauka. Siku nyingine akiitwa ubaoni kufanya hesabu, hali hiyohiyo inarudi. Hakuna hata njia moja kati ya nne iliyotumika.

Kuna wanaonijibu, "Mbona fulani alizoea, sasa anaongea bila wasiwasi?" Alizoea, ndiyo. Alichojifunza ni kwamba dhiki yake ndiyo inayowafanya watu wazima wamsikilize. Mwulizeni jambo lisilo kwenye karatasi, kwa mfano angependa nini kibadilike hapo kituoni, mwone atakavyomtazama mwalimu kwanza.

Na wapo wanaosema kushukuru ni adabu. Ni adabu, tena nawafundisha watoto kushukuru. Lakini mtu mzima aliyesaidiwa na shemeji yake kulipa kodi ya nyumba hatumsimamishi harusini akasimulia alivyokuwa anafukuzwa na mwenye nyumba. Tunamsitiri. Mtoto anastahili sitara hiyohiyo, na si kwa huruma yetu tu: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unalinda faragha yake katika kifungu cha 16, na haki yake ya kutoa maoni yake mwenyewe katika kifungu cha 12.

Je, ufadhili wenyewe unajenga kujiamini? Unajenga, na ndiyo maana nakasirika ukiharibiwa. Mwaka 2013 wachumi Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walichapisha utafiti wa nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo, uliogusa watu zaidi ya 10,000. Waliwalinganisha waliofadhiliwa utotoni na ndugu zao wa tumbo moja, wakiwamo waliokuwa wameshapita miaka 12 mradi ulipofika, hivyo hawakuandikishwa. Waliofadhiliwa walisoma zaidi kwa mwaka mmoja na zaidi, na walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kazi za ofisini. Katika utafiti mwingine, kwenye mitaa ya kimaskini ya Jakarta, watoto walipewa penseli za rangi wajichore wenyewe. Michoro ya waliofadhiliwa ilionyesha matumaini na furaha zaidi.

Katika mradi wa ufadhili uliochunguzwa kwenye tafiti hizo, watoto hukutana na walezi wao kila wiki, mwaka hadi mwaka. Ada na sare zinamfikisha mtoto shuleni; kujiamini kunatoka kwenye saa hizo, mbele ya mtu mzima anayemjua kwa jina na kumkabidhi jambo. Nimemwona mvulana wa darasa la sita, mkimya kupindukia, aliyepewa daftari la mahudhurio alitunze. Haikuchukua muda akamsimamisha mlezi mlangoni: "Mwalimu, hujasaini." Sauti haikutetemeka.

Basi fanyeni haya. Barua kwa mfadhili aandike mtoto mwenyewe, juu ya jambo alilolichagua yeye. Msahihishieni herufi akiomba, mawazo myaache. Wageni waonyeshwe kazi za watoto, na taarifa ya fedha aisome mkurugenzi. Picha isipigwe bila ridhaa ya mtoto na mzazi, na jibu la hapana lisidaiwe maelezo. Madaftari na sare mpeni mzazi, yeye ampe mwanawe. Waliohitimu waje kufundisha wadogo. Vijana wakae kwenye kamati na waione bajeti. Wanaopenda ufundi wapelekwe vyuo vya ufundi vya VETA bila kuonekana wameshindwa. Wewe mfadhili, uliza anafanya nini siku hizi, na usiahidi kuja kama huna nauli mkononi.

Na tarehe ya mwisho wa ufadhili isifichwe. Kijana anayejua miaka miwili mapema kwamba ada itakoma atatafuta fani, ataweka akiba kidogokidogo, atauliza kuhusu mkopo wa chuo. Mwenzake akiambiwa wiki ya mwisho, anarudi nyumbani na cheti na begi, akiamini amefukuzwa.