Kuosha na Kulinda Ngozi ya Uso

Njia ya gari itokayo Sake hupanda milima ya Mushaki mpaka Masisi, kisha hupita Nyabiondo na kushuka kuelekea msitu wa Walikale. Mtu asafiriye njia hiyo yote hukutana na hewa za namna mbili. Huko juu, penye malisho ya ng'ombe na mashamba ya viazi, mahali pengi pamepita mita 2,000 juu ya bahari. Asubuhi kuna ukungu na baridi, na saa sita jua huchoma. Huko chini, kando ya mto Lowa, kuna joto na unyevu mchana na usiku. Mwili wa msafiri umefunikwa kwa nguo, na pengine miguu yake ina viatu. Lakini uso wake uko wazi tangu mwanzo wa safari hata mwisho. Vumbi, jua, moshi, jasho na nzi, vyote huukuta uso kwanza.

Uso unalindwa na nini basi? Unalindwa na ngozi yenyewe. Mfano wake ni ukuta wa matofali. Juu kabisa chembe za ngozi zilizokufa zimepangwa kama matofali, na katikati yake mna mafuta yanayozishika, kama udongo wa mwashi. Chini yake chembe mpya huzaliwa kila siku na kusukumwa juu. Baada ya majuma manne hivi hukauka na kuanguka. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo wala vijidudu haviingii. Mafuta yale yakiondolewa, ukuta hupata nyufa. Kwa hiyo uso huharibika kwa njia mbili: kwa kuachwa mchafu, na kwa kuoshwa kwa ukali. Ile ya kwanza watu wote huijua. Ile ya pili huonekana mara nyingi kwa mtoto ambaye mama yake anapenda usafi sana.

Mtazame mvulana achungaye ng'ombe katika milima ya Masisi. Midomo yake imepasuka, na mashavu yake ni makavu kama yamepakwa majivu. Upepo na baridi vimeyanyonya maji ya ngozi. Mtoto huyo hahitaji sabuni zaidi. Anahitaji mafuta kidogo. Baada ya kunawa, uso ukiwa bado na unyevu, apakwe vazelini, au siagi isiyo na chumvi, au mafuta ya kokwa za mawese. Kidogo tu! Uso unaong'aa kwa mafuta hukamata vumbi la barabara kama gundi, na kufika jioni umekuwa mchafu kuliko usiopakwa kitu.

Jua la milimani nalo ni kali, ijapokuwa hewa ni ya baridi. Watu hudhani kwamba penye baridi jua halidhuru. Sivyo. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inayochuja jua hupungua. Kila mita 1,000 miali ile isiyoonekana, ndiyo ichomayo ngozi, huongezeka karibu sehemu 10 katika 100. Mawingu hayaizuii yote. Kuna kipimo kisicho na gharama: simama uangalie kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua si kali sana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta kofia au mti.

Rangi nyeusi ya ngozi ni kinga nzuri juu ya jua, ingawa haizuii yote. Mtoto mwenye ualbino amezaliwa bila kinga hiyo, na jua likimpiga mwaka baada ya mwaka, madoa na vidonda vya uso vyaweza kugeuka kuwa kansa. Mwalimu amweke mbali na dirisha lenye jua, tena karibu na ubao, kwa kuwa macho yake pia ni dhaifu. Avae kofia pana na mikono mirefu, na wenzake wasimcheke kwa ajili ya kofia hiyo. Huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, wametengeneza mafuta ya kuzuia jua kwa ajili ya watu kama yeye, yaitwayo Kilisun.

Wakaaji wa Masisi wana jambo jingine ambalo watu wa nchi nyingi hawalijui: majivu ya volkano. Nyiragongo na Nyamulagira hutoa moshi, na mara nyingi upepo huusukuma upande wa magharibi, kuelekea Sake na milima ya Masisi. Nyiragongo ilipopasuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, majivu yalianguka pia juu ya Goma. Majivu hayo si kama ya jikoni. Majivu ya kuni ni laini. Ya volkano ni vipande vidogo sana vya mawe na kioo. Mtu akiyafuta usoni kwa kitambaa kikavu, anajikwaruza kwa kioo, na akisugua macho ni vibaya zaidi. Kwanza ainamishe kichwa na kuyapukuta. Kisha amwagie uso maji mengi bila kusugua, macho yakiwa yamefumbwa. Sabuni ije mwisho. Na mvua ikinyesha baada ya siku za majivu, maji ya kwanza yatokayo juu ya mabati yaachwe yapotee, maana yamebeba majivu na uchungu wa moshi ule.

Moshi wa jikoni hauna kioo, lakini huleta masizi kila siku, na huwasha macho. Dirisha lililo juu ya mafiga husaidia kuliko sabuni yoyote.

Sasa tushuke Walikale. Huko ngozi haikauki, inalowa. Jasho na mafuta ya ngozi huziba vitundu, navyo vipele vya joto hutoka katika paji la uso na shingo. Mtoto hujikuna kwa kucha chafu, na hapo vijidudu hupata mlango. Hutokea vidonda vidogo vyenye maji, kisha hufanya ukoko wa rangi ya asali, hasa kando ya pua na mdomo. Wengi huvidharau kwa kuwa haviumi sana. Lakini vinaambukiza: watoto watano wakijifuta kwa kitambaa kimoja, baada ya siku chache watano wote wanavyo. Vidonda vioshwe kwa maji safi na sabuni, ukoko ulainishwe wala usibanduliwe kwa nguvu, kucha zikatwe, na mwuguzi wa kituo cha afya atoe dawa. Mara chache hatari hufika mbali zaidi. Majuma machache baada ya vidonda, mtoto huamka uso umevimba kando ya macho, na mkojo wake una rangi kama chai nzito. Hapo mafigo yake yamedhurika. Apelekwe hospitalini siku ile ile.

Walikale kuna michikichi, na sabuni ya mawese hutengenezwa nyumbani kwa mafuta na soda kali. Sabuni hiyo ni nzuri ikiwa imekomaa. Iliyokatwa jana bado ina ukali wa soda. Iachwe mahali pakavu majuma manne au zaidi ndipo iguse uso. Hata ile iliyokomaa inatosha mara moja kwa siku, jioni. Asubuhi maji matupu yanafaa.

Sokoni huuzwa pia mafuta na sabuni za kung'arisha uso. Baadhi yake zina zebaki. Ni ule umajimaji mweupe kama fedha, mzito kupita risasi, ambao wachimba dhahabu huutumia kukusanya vumbi la dhahabu. Zebaki ikipakwa usoni huizuia ngozi kufanya rangi yake. Uso huwa mweupe, na mwenye uso hufurahi miezi michache. Lakini rangi aliyoifuta ndiyo iliyokuwa kinga yake, na sumu yenyewe hupenya mpaka kwenye damu, hudhuru mafigo na mishipa ya fahamu, tena humfikia mtoto aliye tumboni. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mapatano yaitwayo ya Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliumwa na kufa kwa zebaki iliyoingia katika samaki. Mapatano hayo yanakataza vipodozi vyenye zebaki. Hata hivyo vingine hupita mipakani. Anayejua kusoma atazame karatasi ya kopo. Akiona neno mercure, au herufi Hg, alirudishe kwa mwenye duka.

Lakini maji yapatikane wapi, mahali ambapo mama huyabeba mgongoni kutoka bondeni? Swali hilo liliulizwa pia katika wilaya ya Kongwa, nchi kavu ya Dodoma huko Tanzania, ambako ugonjwa wa trakoma uliwapofusha watu wengi. Nzi walifuata tongotongo na kamasi, wakachukua ugonjwa kutoka uso huu mpaka uso ule. Wazazi walisema maji hayatoshi kunawisha watoto. Walipoonyeshwa, wakaona kwamba lita moja huosha nyuso nyingi kuliko walivyodhani. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto waliokaa na uso safi hawakupatwa sana na trakoma kali.

Chombo chake ni rahisi. Kopo tupu la nyanya hutobolewa tundu moja chini kwa msumari mwembamba, likatundikwa karibu na jiko. Kikombe kimoja cha maji humiminwa ndani. Mtoto hunawa mikono kwanza, kisha hukinga maji kwa viganja na kufumba macho. Huanza na macho, halafu pua, halafu kinywa na nyuma ya masikio. Hajifuti kwa kanga ya mama wala kwa shati la ndugu yake, upepo utamkausha. Maji yakiwa bado yanatiririka, wa pili husogea.