Kufumania si kibali cha kuua

Mwanamume aliyeko Kitengela akipigiwa simu kwamba mkewe yuko na mtu Namanga, ana zaidi ya kilomita 100 za kupoa: Isinya, Kajiado, Bissil, ndipo afike mpakani. Akiua huko, itakuwa vigumu kuishawishi Mahakama Kuu ya Kajiado kwamba alipandwa na hasira za ghafla. Je, aliyefungua mlango akawafumania papo hapo?

Huyo ana pa kujitetea. Kifungu cha 207 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema anayeua kwa hasira za kuchokozwa ghafla, kabla hajapata muda wa kupoa, ana hatia ya kuua bila kukusudia tu. Hata akivuka mpaka, kifungu cha 201 cha Tanzania kinasema hivyo hivyo, kwani sheria zote mbili zina asili ya Uingereza. Huko, mwaka 1707, Jaji John Holt aliuita uzinzi uvamizi mkubwa kupita wote wa mali. Mali yenyewe ni mke.

Waingereza wamekwisha kugeuka. Tangu Oktoba 2010, usaliti wa kimapenzi peke yake hauwezi kuliteremsha kosa la mauaji kwao.

Wanaoitetea kanuni hii husema binadamu si jiwe. Zamani walikuwa na hoja nzito: adhabu ya mauaji ilikuwa kitanzi tu. Lakini tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya iliondoa ulazima wa adhabu hiyo. Leo jaji anaweza kumtia mtu hatiani kwa mauaji, kisha akaupima uchungu wake anapotoa adhabu.

Tena aliyesalitiwa hakuachwa mikono mitupu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inaufanya uzinzi kuwa sababu ya talaka. Ng'ambo ya pili, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inamruhusu kudai fidia ya ugoni.

Kifungu cha 207 kisifutwe. Anayepigwa na mumewe, akamrudishia kipigo kikaua, bado anakihitaji. Bunge liongeze sentensi moja tu: usaliti wa kimapenzi peke yake si uchokozi. Mwenye kuumizwa na ndoa aende mahakamani kudai talaka, asije akapelekwa huko kwa kesi ya mauaji.